Rigi ina vitanda 120, lakini inaweza kulaza watu wangapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimekabidhiwa kusimamia ufufuaji wa makazi ya wafanyakazi kwenye rigi (jukwaa la kuchimba mafuta baharini) ya miguu mitatu iliyoegeshwa karibu na bandari kwa miaka 4. Imezimwa kabisa, haina umeme na hakuna anayelala ndani. Ina vitanda 120. Uongozi unataka mafundi 60 wawe wanalala humo ndani ya wiki 3, ili kazi ya mitambo ya uchimbaji iende haraka. Fedha za kwanza zimeshatengwa: rangi, magodoro na mazulia. Nianzie wapi? Na je, wiki 3 zinatosha?

JIBU: Marahaba, ndugu. Nianze na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Wiki 3 hazitoshi kulaza watu 60, na tatizo si bidii ya mafundi wako. Ndani ya rigi hiyo kuna makundi mawili ya vijidudu yasiyotii amri ya meneja yeyote. La kwanza liko kwenye mabomba ya maji ya kunywa na kuogea, na unatakiwa kuthibitisha kwamba limeisha. La pili ni la mtambo wa maji taka, na hilo unatakiwa kulifuga upya hadi liongezeke. Kipimo cha maabara cha lile la kwanza huchukua hadi siku 10 kutoa majibu. La pili huhitaji wiki 2 hadi 4 kukomaa. Ongeza siku za kurudisha umeme, maana bila umeme huanzi lolote kati ya hayo, na hesabu ya uongozi imeshapita kabla hujafungua kopo la rangi.

Kuhusu pa kuanzia: sahau vitanda 120. Kitanda hakimpi mtu hewa wala maji, wala njia ya kutokea moto ukiwaka saa nane za usiku. Idadi ya watu wa kulala hutolewa na huduma iliyo dhaifu kuliko zote siku hiyo. Kama mashua za uokozi zilizokaguliwa zina nafasi ya watu 40 kila upande, maji safi yanatosha watu 25, na maji taka yanahimili watu 12, basi rigi yako ni ya watu 12, hata vyumba vyote vikiwa vimetandikwa shuka mpya.

Swali moja unalopaswa kuwauliza walioiegesha: je, waliacha mashine za kukausha hewa zikifanya kazi? Sisi tunasema rigi imeegeshwa "moto" ikiwa ina watu wachache na jenereta moja inayonguruma, na imeegeshwa "baridi" ikizimwa yote. Hata ile ya baridi, mwenye akili huiachia umeme kidogo wa kukausha hewa, unyevu ubaki chini ya asilimia 50. Ukizidi asilimia 60 hivi, chuma huliwa na kutu kwa kasi, na kuvu huota kwenye kila kitu laini. Kwa maelezo yako rigi haikuwa na umeme, kwa hiyo chukulia kwamba miaka 4 ilipumua hewa ya bahari, na panga kazi yako hivyo.

Siku ya kwanza ingia na kipima gesi. Maeneo yaliyofungwa huwa na hewa iliyopungua oksijeni, kwa sababu kutu inapojengeka huifyonza. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kipimo kikionyesha pungufu, usiingie hadi ujue oksijeni imekwenda wapi na feni iwe imesukuma hewa mpya ya kutosha. Kwenye makazi adui mwingine ni haidrojeni salfaidi kutoka tangi la maji taka. Watu hudhani itabaki humo tangini. Haibaki. Chini ya kila sinki, bafu na tundu la kutolea maji sakafuni kuna kona ya bomba inayoshikilia maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizibo cha harufu. Rigi ikikaa miezi bila mtu kuoga, maji yale hukauka, na gesi ya tangi hupanda bila kizuizi hadi vyumbani. Pua si kipimo cha kutegemea: gesi hiyo ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi na mtu hudhani harufu imeondoka. Kabla ya kazi nyingine yoyote ya bomba, pita na ndoo chumba hadi chumba, umimine maji kwenye kila tundu, kisha juu yake mafuta kidogo ya kupikia ili yasikauke haraka. Ni kazi ya asubuhi moja, na sijawahi kuona ratiba iliyoiandika.

Usiruhusu pia mtu avunje ukuta au dari kabla sampuli hazijapimwa asbesto. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, ulizuia sehemu kubwa ya matumizi mapya ya asbesto kwenye vyombo vya baharini kuanzia Julai 2002, na kuizuia kabisa kuanzia Januari 2011. Rigi iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo kwenye mbao za viambaza, dari, gasketi na vifuniko vya mabomba ya moto. Ukipiga nyundo kwanza na kupima baadaye, umechafua sitaha nzima kwa vumbi lisiloonekana. Kinyesi cha ndege nacho kina maradhi ya mapafu. Kilowanishe kabla ya kukikwangua, na mkwanguaji avae barakoa ya kuchuja vumbi, ile ya kitambaa haisaidii.

Sasa umeme. Wengi hukimbilia jenereta kubwa. Mimi huanza na ile ya dharura, kwa sababu kila kitakachofanyika baadaye ndani ya makazi, hata kuchomelea bomba moja, kinahitaji taa za kutokea, king'ora na pampu ya moto visivyotegemea kitu kingine. Chini ya kanuni za IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa bahari) za rigi zinazohama, jenereta hiyo inapaswa kujiwasha na kubeba mzigo ndani ya sekunde 45 umeme mkuu unapokatika, na iwe na mafuta ya kuhudumia mzigo wa dharura kwa saa 18. Ijaribu kwa mzigo wa kweli. Nimeona jenereta iliyowaka vizuri kila wiki bila mzigo, ikazimika dakika ya tatu ilipobebeshwa taa na pampu, kwa sababu chujio la dizeli lilikuwa limejaa ute mweusi. Ute huo ni viumbe hai: huota pale dizeli inapokutana na maji yaliyotulia chini ya tangi. Toa maji yale, chuja mafuta kwa mzunguko, na kama tangi lina tabaka la ute, lisafishe kwa mikono. Dawa ya kuua viumbe hao bila kuondoa mabaki yao huziba machujio kuliko mwanzo.

Kabla ya kuwasha chochote, pima uimara wa kihami, yaani ganda linalozuia umeme usivuje, cha kila mota, kila kebo kuu na kila swichibodi. Kwa mifumo ya volti 440, mafundi hupima kwa volti 500 na hawataki kuona chini ya megaomu 1. Usishtuke ukikuta mota za feni ziko chini ya hapo. Nyingi zimelowa tu. Zipashe moto wa taratibu kwa siku kadhaa na upime tena kila siku. Ile inayopanda imeokoka, na isiyopanda iende kwa fundi wa kusuka mota. Betri usizihurumie. Za taa za dharura, za vipaza sauti na za kitengo cha kutambua moto, zikikaa miaka 4 bila chaji ni takataka, hata kama mita inaonyesha volti za kupendeza.

Kama mtaleta jenereta ya kontena kwa muda, angalia upepo unapovuma. Kontena hizo hupenda kuwekwa pale kreni inapofika kwa urahisi, na mara nyingi pale ni karibu na mdomo wa kuingizia hewa ya makazi. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, na feni za makazi zitaupeleka vyumbani kwa uaminifu mkubwa.

Baada ya umeme yanakuja maji ya bahari, ambayo watu wa makazi huyaona kama kazi ya wengine. Fuatilia bomba kwa kidole utaona: maji ya bahari ndiyo yanayopoza viyoyozi na kompresa za vyumba vya baridi, ndiyo yanayotengenezwa maji matamu, na ndiyo maji ya zimamoto. Kwenye rigi inayojiinua kwa miguu, pampu zake huteremshwa baharini kwenye nguzo zake. Zikiwa zimekaa juu miaka yote, kebo na viungo vya mpira vimepauka. Zikiwa zimeachwa ndani ya maji, utazikuta zimevaa koti la chaza. Hakuna kazi ya kiyoyozi inayoanza kabla pampu hizo hazijarudi.

Kwenye maji ya matumizi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu huugua. Mtu mmoja kwenye makazi ya baharini hukadiriwa lita 200 kwa siku, ukijumlisha jiko na dobi. Watu 60 ni tani 12 kila siku. Mtambo wa kuchuja chumvi haufai kutumika ukiwa mmeegesha karibu na bandari, kwa sababu maji ya pale yana mafuta na maji taka ya wengine. Kwa hiyo mwanzoni mtaletewa maji kwa chombo. Mpira wa kupokelea uwe wa maji ya kunywa tu, umefungwa vizibo pande zote mbili, na umeuwekea alama. Mara nyingi maji safi hukutana na bakteria mara ya kwanza ndani ya mpira ulioachwa sakafuni kwenye dimbwi.

Fungua matangi, yakaguliwe na mtu aliyefuata taratibu za kuingia sehemu zilizofungwa, na uangalie rangi ya ndani. Malengelenge yakionekana, kwangua na upake rangi iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, na uheshimu siku za kukauka zilizoandikwa kwenye kopo. Kisha pita mabomba. Unamtafuta lejionela, bakteria aliyejulikana baada ya mkutano wa maveterani wa Marekani huko Philadelphia mwaka 1976. Hastawi sana chini ya nyuzi 20 za Selsiasi wala juu ya 45. Katikati ya hapo, kwenye maji yaliyotulia, yuko nyumbani. Humpata mtu kwa mvuke na matone madogo ya shawa yanayoingia mapafuni. Rigi iliyolala miaka 4 kwenye joto ni shamba lake: vichwa vya shawa vyenye chokaa, mipira ya kuunganishia, tope chini ya tangi la maji ya moto, na vipande vya bomba visivyokwenda popote. Hivyo vya mwisho ni vibaya zaidi. Kila rigi iliyowahi kufanyiwa marekebisho ina bomba la sinki lililoondolewa, likazibwa kwa kizibo mita mbili kutoka bomba kuu. Klorini haifiki humo. Vikate vipande hivyo pale pale vinapoanzia. Usisahau mabomba ya kuoshea macho na shawa za dharura kule kwenye sitaha ya uchimbaji. Yanatumia maji haya haya, na hakuna anayeyafungua hadi mtu amemwagikiwa na kemikali.

Kuua vijidudu kuna hesabu yake. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 50 za klorini huru kwa lita, zikae angalau saa 1, zikipimwa kwenye bomba la mbali kabisa. Ukipima tangini unajidanganya. Tangi la mita za ujazo 100 linahitaji kilo 5 za klorini halisi; kwa unga wa kalsiamu haipokloraiti wenye nguvu ya asilimia 65, hiyo ni kama kilo 7.7. Fungua kila bomba, la moto na la baridi, hadi unuse klorini, ndipo ulifunge. Mpe mtu mmoja orodha ya mabomba yote na kalamu. Tukifanya kwa kukumbuka, tunaruka chumba cha kufulia na chumba cha mganga, kila mara.

Mambo mawili yanaharibika hapa kama hujui yanavyoungana. Kwanza, klorini hiyo huharibu utando wa mtambo wa kuchuja chumvi, kwa hiyo utenge kabisa kabla ya kuanza. Pili, na hili ndilo limeniletea aibu: maji yale ukiyamwaga kupitia mifereji ya bafuni, yanakwenda kwenye mtambo wa maji taka na kuua kila bakteria uliyemfuga. Nilikuwa kijana, tulitia mbegu ya bakteria mtamboni Jumatatu, Alhamisi tukasafisha mabomba, Jumamosi jiko zima likanuka. Kwa hiyo klorini itangulie, mbegu ya bakteria wa maji taka ifuate. Maji ya klorini yazimuliwe kwa sodiamu thaiosalfeti kwanza, kisha yashughulikiwe kwa ruhusa ya mamlaka ya bandari.

Baada ya kusuuza, klorini ishuke hadi miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye mabomba. Sampuli ya lejionela usiichukue siku hiyo hiyo, kwa sababu klorini bado inawafunika. Ngoja siku 2 hadi 7. Kipimo cha bakteria wa kinyesi hutoa majibu ndani ya siku moja au mbili, na uongozi utakuonyesha karatasi hiyo ukisema maji yamepita. Hiyo ni karatasi nyingine. Ya lejionela inahitaji hadi siku 10. Wakati unasubiri, tangi la maji ya moto libaki nyuzi 60, maji ya moto yafike bombani angalau nyuzi 50 ndani ya dakika moja, na kila bomba lifunguliwe kila wiki, lile la chumba kisicho na mtu zaidi ya yote.

Maji taka. Mtambo wa kibayolojia ni zizi: kuna mifugo, kuna chakula chao, na kuna hewa yao. Kuusafisha, kubadilisha kipuliza hewa na kunyoosha mabomba kunachukua siku chache. Kuwafuga bakteria kunachukua wiki 2 hadi 4, hata ukinunua mbegu ya unga au ukaomba tope hai kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi. Mzigo unapaswa kupanda polepole. Ukiingiza watu 60 siku ya kwanza kwenye zizi la watu 12, mifugo inakosa hewa, inakufa, na kinachotoka upande wa pili ni kile kile kilichoingia. Kwenye mtambo wako tafuta kibao cha chuma ujue uliidhinishwa chini ya azimio lipi la IMO. Mitambo iliyofungwa kuanzia Januari 2010 inafuata azimio la MEPC.159(55), na ya kuanzia Januari 2016 inafuata MEPC.227(64), ambalo ni kali zaidi. Ukiubadilisha mtambo mzima, unapimwa kwa azimio jipya. Mkiwa karibu na bandari, jambo rahisi ni tangi la kuhifadhia na chombo cha kuja kunyonya. Lile tangi likijaa ndani ya siku 3 kwa watu 12, umeshapata namba yako.

Vyoo vya kunyonya kwa hewa vinahitaji mtu mwenye subira. Vinatumia kama lita 1 tu ya maji kila mara, kwa hiyo mikojo ya zamani imeganda ndani ya bomba kama jiwe, na mipira ya vali imekuwa migumu kama kiatu cha zamani. Agiza vifaa vya mpira vya vyoo vyote kwa mpigo mmoja. Choo kimoja kinachovuja hewa hushusha mvuto wa sitaha nzima, na fundi atazunguka siku nzima akifukuza kosa ambalo haliko alipo. Wasafishaji nao wafundishwe: dawa kali ya klorini chooni ni sumu kwa zizi.

Hewa. Fungua mifereji ya hewa uangalie ndani kwa kamera ndogo. Ikiwa pamba ya kuhami imelowa, itoe yote. Kuvu haioshwi kwenye pamba. Wakati viambaza viko wazi, pima unene wa chuma chini ya mabafu kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Bafu linalovuja nyuma ya ukuta hula sitaha kimya kimya, na nimewahi kukanyaga sakafu ya bafu ikabonyea kama zulia. Viyoyozi na vyumba vya baridi vya zamani vinaweza kuwa vinatumia gesi ya kupoza ya R22, ambayo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 wa kulinda tabaka la ozoni unaiondoa hatua kwa hatua: nchi zilizoendelea zilifikia mwisho mwaka 2020 na nyingine zinafikia 2030. Ukikuta mfumo wa R22 umevuja wote, usihangaike kutafuta mitungi ya kujazia. Omba bajeti ya mfumo mpya sasa, kwa sababu utaiomba tu.

Makazi ya rigi yanatakiwa kuwa na shinikizo la hewa lililo juu kidogo ya nje, paskali 25 hadi 50, ili gesi ya kisima isiingie ndani mlango unapofunguliwa. Huhitaji chombo cha bei kupima. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uukunje umbo la U, utie maji, ncha moja iwe nje na nyingine ndani. Tofauti ya milimita 5 za maji ni karibu paskali 50. Maji yasiposogea, tafuta milango isiyofunga na vizuizi vya moto, yaani vibao vya kuziba mfereji wa hewa moto ukiwaka, vilivyoganda wazi ndani ya mifereji. Vizuizi hivyo ni jambo la kufa na kupona. Vifunge kimoja kimoja kwa mkono, kisha kwa king'ora, na mtu awe amesimama mbele ya kila kimoja akikiangalia. Taa ya kijani kwenye paneli inakuambia tu kwamba waya unasema kimefunga.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya jukwaa la mafuta la Piper Alpha. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye Bahari ya Kaskazini, watu 167 walikufa, na wengi wao waliuawa na moshi. Wengi walikuwa wamekusanyika kwenye makazi wakisubiri helikopta ambazo hazikuweza kutua. Makazi yale yalikuwa na vitanda vizuri. Hayakuweza kuzuia moshi.

King'ora na vipaza sauti: kanuni inataka angalau desibeli 75 mahali mtu anapolala na bafuni mwake, na desibeli 10 juu ya kelele za kawaida. Pima mlango ukiwa umefungwa, kiyoyozi kinanguruma na shawa iko wazi. Mtu anayepima akiwa amesimama koridoni anapima koridoni.

Mashua za uokozi zinahitaji kutosha watu wote mara mbili, yaani upande mmoja ukishindikana, mwingine ubebe wote. Nyaya za kuzishushia hubadilishwa angalau kila miaka 5, na za rigi yako bila shaka zimefika au zimepita. Angalia pia uzito uliotumika kuhesabu viti. Mashua za zamani zilihesabiwa kwa kilo 75 kwa mtu, kanuni ikapandisha hadi 82.5, na mkaguzi anaweza kukupunguzia viti. Ndoano zifanyiwe kazi na watu walioidhinishwa na mtengenezaji. Tarehe 27 Machi 1980 rigi ya makazi Alexander L. Kielland ilipinduka kwenye eneo la Ekofisk, watu 123 kati ya 212 wakafa. Mashua nne ziliteremshwa, na moja tu ndiyo iliyojinasua kwenye nyaya zake. Rigi ile haikuwa ikichimba. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kulaza watu.

Jiko litakuchukua muda mfupi ukilinganisha na hayo. Toa mafuta yaliyoganda ndani ya bomba la moshi la jiko, lote hadi juu, kabla hata ya kujaribu jiko la umeme. Jaribu kitufe cha kuita msaada ndani ya chumba cha barafu, na hakikisha mlango unafunguka kutoka ndani. Chumba hicho kishikilie nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 3 mfululizo kikiwa kitupu, ndipo ununue nyama. Kabla ya hapo mpishi apashe chakula kilichopikwa nchi kavu. Mafuta ya jikoni yasiende kwenye zizi. Safisha kinasa mafuta kila wiki.

Kwa hiyo nenda kwa uongozi na hesabu hii. Hadi majibu ya lejionela yarudi, hakuna anayelala. Mafundi waje kwa boti asubuhi na kurudi jioni. Boti hiyo iandikwe kwenye bajeti sasa, maana fedha yake ndiyo iliyoliwa na mazulia. Jenereta ya dharura, king'ora, pampu ya moto na mashua za uokozi vikipita, na majibu ya maji yakiwa mkononi, walale watu 12: fundi umeme, fundi bomba, mpishi, mganga, wazimamoto na wa zamu. Hao ndio watakaoanza kulisha zizi. Mtambo wa maji taka ukitoa maji yanayokubalika kwa watu 12, pandisha hadi 30. Sitini ningetarajia mwishoni mwa wiki ya 8 au ya 9, kama hamtakutana na asbesto. Shirika linaloikagua rigi na nchi ambayo imesajiliwa wahusishwe tangu wiki ya kwanza, maana wao ndio watakaoandika idadi hiyo kwenye hati, na mkaguzi aliyeona bomba likiwa wazi husaini kwa moyo mwepesi kuliko aliyeitwa kuona ukuta uliopakwa rangi.

Rangi ya ndani iwe ile isiyosambaza moto, na tabaka za zamani zipungue kabla ya kuongeza mpya. Mazulia achana nayo. Sakafu ya kufutika inatosha. Magodoro yaagize kwa cheti cha IMO cha kupima moto, na yafike wiki ya mwisho kabla ya kila kundi kulala: 12 kwanza, kisha 18, kisha 30. Uliyoyaagiza tayari yaache ghalani nchi kavu kwenye nailoni zake, kwa sababu godoro likikaa wiki moja kwenye chumba ambacho kiyoyozi chake hakijakauka, utalitupa baharini kwa macho yako, na hilo nalo MARPOL, mkataba wa kuzuia uchafuzi wa bahari, imekataza.